Namna ya Kukopa kwa Niaba ya Wagonjwa: Mwongozo kwa Mgeni wa Iguguno

Hongera kwa kuingia kwenye kamati ya kituo cha tiba cha serikali. Najua hukuomba. Mkutano ulikuwa mrefu, jua la Iguguno lilikuwa utosini, mtu akasema "huyu anajua kuongea", wengine wakapiga makofi ili waende zao nyumbani, na jina lako likaandikwa. Mshahara hakuna. Kuna posho ya kikao, fedha zikiwepo. Maneno hayo mawili, "fedha zikiwepo", yashike vizuri, maana utayasikia kuliko salamu.

Wiki ya pili utapata wazo. Kila mjumbe mpya hulipata, kama mtoto anavyoota meno. Utamwona mjamzito anapakizwa kwenye gari kwenda Singida mjini au Iambi kutafuta kipimo ambacho mashine yake ingeenea kwenye kona ya chumba cha sindano, na utajiuliza: mbona mfanyabiashara wa alizeti anakopa benki kila msimu, naye anategemea mvua, sisi tunaotegemea maradhi, ambayo hayajawahi kukosa msimu, tunashindwa nini? Kituo kikope, kinunue mashine, kilipe kidogo kidogo kwa mapato yake. Usiku huo utalala kwa raha.

Wazo lako si baya. Lina kasoro moja tu: limedhani kituo kinaweza kukopa.

Jambo la kwanza la kujua, basi, ni kwamba kituo si mtu. Kina jengo, kina mganga mfawidhi, kina akaunti ya benki na mhuri wa mviringo, na bado mbele ya sheria hakipo. Aliyepo ni Halmashauri ya Wilaya ya Mkalama, makao yake Nduguti. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya 1982, ndiyo iliyoipa halmashauri nafsi: inamiliki mali, inashtaki, inashtakiwa. Kituo ni kidole chake. Na hakuna benki inayokopesha kidole.

Akaunti ndiyo itakayokudanganya. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, hata zahanati za vijijini kabisa, na wewe ni mmoja wa watakaokaa kujadili zitumikeje. Nimewaona wajumbe waliosomewa salio kwa mara ya kwanza. Mtu anatoka kikaoni na mwendo mwingine. Tulia. Akaunti ile ni ya kutumia kilichokwisha pangwa. Kuahidi kisichokuwepo si kazi yake, na mkopo ni ahadi ya kisichokuwepo.

Huko New York mambo ni mengine. Hospitali za jiji lile zina shirika lao tangu 1970, lenye bodi yake na kalamu yake, na limewahi kuuza hatifungani kwa jina lake lenyewe. Usiisimulie habari hii kikaoni. Mimi niliisimulia, nikaulizwa kama New York wanalima vitunguu.

Jambo la pili: ruhusa ya kukopa ipo, ila ina ngazi. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Na. 9 ya 1982, inairuhusu halmashauri kukopa ndani ya nchi kwa idhini ya Waziri. Wageni husoma mpaka kwenye "inairuhusu", wakafunga kitabu, wakaenda kunywa chai. Wewe endelea mpaka kwenye "idhini", kisha ufuate njia itakayopita barua yako.

Itaanzia kwa mganga mfawidhi, ataisoma akiwa amesimama kwa sababu foleni iko mlangoni. Itafika kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, atauliza kama mashine hiyo imo kwenye mpango kabambe wa afya. Haimo, kwa kuwa mpango uliandikwa kabla hujachaguliwa, itaingizwa mwakani. Ikiingizwa, itapita kwenye timu ya uendeshaji, kwenye Bodi ya Afya, kwa mweka hazina atakayeitazama kama mtu aliyekuta nyoka ndani ya kiatu, kwa Mkurugenzi Mtendaji, kwenye kamati ya fedha, hadi Baraza la Madiwani. Hapo mheshimiwa wa kata nyingine atasimama aulize kwa nini Iguguno, ambao tayari wana lami mlangoni, wapate mashine kabla ya watu wake wanaovuka mito kwa miguu. Na ana haki, mimi ningekuwa yeye ningeuliza hivyo hivyo. Kutoka Baraza inakwenda mkoani, kisha Dodoma kwa TAMISEMI, nao watataka kusikia wenzao wa Hazina wanasemaje. Wakati huo kipindi chako kwenye kamati kitakuwa kimekwisha, na mjumbe aliyekurithi yuko wiki ya pili.

Usiseme ni roho mbaya. Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali, Na. 30 ya 1974, iliweka kalamu ya kukopa kwa niaba ya Serikali mkononi mwa Waziri wa Fedha kwa sababu inayoeleweka hata kwa muuza karanga: kila kidole kikikopa kivyake, siku ya kulipa hukatwa mkono. Wakenya wamelipandisha jambo hilo hadi kwenye Katiba yao ya 2010. Ibara ya 212 inasema kaunti haikopi mpaka serikali ya taifa iwe mdhamini na bunge la kaunti likubali. Jiji la Detroit kule Marekani lilikuwa na kamba ndefu zaidi. Julai 2013 lilikwenda mahakamani kuomba kufilisika, likiwa na madeni yaliyokadiriwa kuwa dola bilioni 18. Kwa hiyo ngazi zile zina kazi yake. Tatizo ni mgonjwa, ambaye hajui kupanda ngazi akiwa na uchungu.

Tuseme umezipanda zote. Meneja wa benki atakukaribisha maji ya chupa, kisha atauliza: rehani iko wapi? Utamwonyesha jengo. Atacheka kwa adabu. Sheria ya mashauri dhidi ya Serikali, baada ya marekebisho ya 2020, inazikinga na halmashauri pia: anayedai atoe kwanza notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali kwenye shauri, aende Mahakama Kuu, na hata akishinda haruhusiwi kukamata mali za umma ili alipwe. Mimi naunga mkono kwa mikono miwili. Sitaki kuamka nikute dalali ananadi jokofu la chanjo stendi. Ila meneja naye ana mabosi, na mabosi wake hawakopeshi mtu ambaye kitanda chake hakikamatiki.

Hapa pana kituko ambacho lazima ukijue, kitakusaidia kuvumilia vikao virefu. Halmashauri ambayo haiwezi kukopa bila Dodoma, yenyewe ni mkopeshaji. Kifungu cha 37A cha ile ile Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoingizwa 2018, kinaitaka itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ikopeshe bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho hafifu, mwaka uliofuata ikairudisha kwa utaratibu mpya. Kwa hiyo akina mama wafuga kuku wanaweza kukopeshwa na halmashauri, na kituo wanachozalia hakiwezi. Mjumbe mmoja mwerevu aliwahi kushauri wauguzi wajiandikishe kama kikundi cha kuku wa kienyeji, wachukue mkopo, wanunue mashine. Muhtasari wa kikao unasema wazo hilo "lilipokelewa".

Utaniuliza: mbona basi majengo yanaota? Mbona kuna wodi mpya, ambulensi mpya, mitungi ya oksijeni? Hilo ni jambo la tatu: mkopo mkubwa haujitambulishi ukifika. Mwaka 2021 Tanzania ilikopa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa dola milioni 567.25, karibu shilingi trilioni 1.3, kwa ajili ya mapambano ya UVIKO-19. Zikajenga madarasa nchi nzima, zikanunua vifaa vya hospitali, na kila palipokatwa utepe palichezwa ngoma. Sikuona bango hata moja lililoandikwa "deni". Mganga mfawidhi hakusaini, kamati haikusaini, wewe ulikuwa unasubiri wali. Lakini mlipaji yupo kwenye picha ile, mstari wa mbele, amembeba mjukuu ambaye naye atachangia.

Kuna watakaokuletea mfano wa Tanga. Watakuwa wamesikia, na wamesikia sawa. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya miaka 10, shilingi bilioni 53.12 kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, watu wakainunua ikaisha na kuzidi, kisha ikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ni taasisi ya umma kama sisi, tena ya mkoani. Mbona wao?

Wao wana mita. Mteja asipolipa, fundi anakuja na spana anafunga bomba, na jioni mteja analipa. Wewe mjamzito utamfunga bomba gani? Sera yenyewe inasema mjamzito asilipe, mtoto chini ya miaka mitano asilipe, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo asilipe. Ukikaa kwenye benchi la nje asubuhi moja tu, hesabu vichwa: mjamzito, mtoto, mtoto, mzee, mjamzito, kijana aliyeumia kwenye bodaboda ambaye pochi yake imebaki kwenye pikipiki. Hao ndio mtaji wako. Kwa kipimo cha benki, kituo chenye wateja wengi namna hii ndicho kinachofilisika haraka zaidi. Msamaha ni haki yao na sitaki uguswe, ila dawa waliyomeza ilinunuliwa, na aliyeinunua anaisubiri hela yake.

Lilikuwepo pia dirisha la Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliokopesha vituo ulivyovisajili vifaa tiba na fedha za ukarabati, ukijilipa kwa kukata kwenye madai yao. Ni njia safi, maana mdai na mlipaji ni mtu mmoja. Lakini inataka kituo chenye wagonjwa wengi wa kadi. Hapa wenye kadi hizo ni mwalimu, polisi, mtendaji na mke wa mtendaji.

Wakulima wao wamekuwa na CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, iliyokuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Na hapo, ndugu mgeni, simama kidogo, kwa sababu ndipo nilipoanza kuelewa mambo. Mfuko huo ulijaribiwa kwanza hapo kwa majirani zetu wa Igunga, ukishateremka mlima Sekenke, mwaka 1996. Mkulima anauza alizeti, anatoa fedha leo, anaumwa Januari. Miezi yote hiyo fedha yake iko kwa wengine. Kwa Kiswahili cha dukani hilo linaitwa kukopesha. Hajaitwa mkopeshaji, hajapewa riba, na akifika Januari akaambiwa dawa imekwisha, akanunue duka la mbele, atakuwa amelipa mara mbili bila kuonekana kwenye kitabu chochote cha madeni.

Kwa hiyo futa yote niliyokwambia. Kituo kinakopa. Kinakopa kila siku, hata Jumapili, bila barua, bila Baraza, bila Waziri. Ngazi zile za sheria zinazuia mkopo wenye karatasi tu. Usio na karatasi unapita mlango wa nyuma, na wanaokopwa humo ndio utakaowajua kwa majina.

Anakopwa mwenye kituo cha mafuta, siku ambulensi ina mama anayevuja damu na bajeti ya mafuta ilikwisha mwezi uliopita, utamkataliaje? Anakopwa mlinzi, miezi mitatu. Anakopwa binti wa kujitolea anayeandika daftari la wagonjwa tangu amalize chuo na ameahidiwa kwamba ajira zikitoka jina lake litakumbukwa. Anakopwa muuguzi aliyeitwa usiku kwa posho ya kuitwa kazini, ambayo iko kwenye mchakato. Anakopwa mshitiri, ambaye kazi yake ni kuleta dawa zile ambazo Bohari ya Dawa imeandika kwamba hazipo. Bohari yenyewe, iliyoundwa kwa sheria ya 1993, imewahi kulalamika hadharani kwamba inavidai vituo vya umma. Na siku isiyo na wa kukopwa, anakopwa mgonjwa: aje na glovu zake, aje na pamba, aje na ndugu wa kuchota maji.

Nikwambie na mimi nilivyoingia kwenye orodha hiyo. Kipindi fulani nilikuwa na duka. Kituo kimoja cha umma cha kanda hii, ambacho sitakitaja kwa kuwa bado tunasalimiana, kilihitaji magodoro 12 ya wodi ya wazazi, kwa haraka, kulikuwa na ugeni unakuja. Aliyenipigia simu aliniita "mzee wetu". Jihadhari sana na mtu wa ofisini anayekuita mzee wetu. Niliyapakia siku hiyo hiyo, kabla hati ya agizo, LPO, haijatoka, kwa sababu LPO ilikuwa "inachapwa". Delivari yangu ilisainiwa na kugongwa mhuri vizuri sana, mhuri uliojaa wino. Mgeni alikuja, akaisifu wodi, akaondoka.

Nilipoanza kufuatilia ndipo nilipojifunza lugha, na hii nakupa bure. "Tumeshapeleka" maana yake karatasi imetoka mezani kwa huyu, haijafika mezani kwa yule. "Iko kwenye mfumo" maana yake hakuna binadamu wa kumlaumu. "Fedha zikiingia" ni kalenda isiyo na tarehe. "Deni halijahakikiwa" maana yake itakuja timu kuhakikisha kwamba magodoro yaliyolaliwa miaka miwili yalifika kweli. "Aliyeagiza amehamishwa" ni sala ya mwisho; ukiisikia, vua kofia. Nilitakiwa pia kuleta risiti ya kodi ya mashine ya EFD kabla ya malipo, kwa hiyo kodi ya fedha nisiyoipata niliilipa kwa wakati.

Sikwenda mahakamani. Notisi ya siku 90 ningeiandika, lakini wakili wa kwenda Mahakama Kuu kwa ajili ya magodoro 12 angekula magodoro 20.

Hivyo basi, ukiwa mjumbe, acha kutafuta mkopo wa mashine. Fanya kazi isiyo na utepe: kwenye kikao cha kwanza omba daftari la madeni ya kituo. Watasema halipo. Sema litengenezwe, na usikubali ajenda ya mengineyo mpaka limeanza. Kila mtu anayedai aandikwe, na mlinzi aandikwe, na binti wa daftari aandikwe, kiasi, tarehe, aliyeagiza. Kisha orodha hiyo iingie kwenye makisio kabla bajeti haijafungwa, kwa kuwa Julai mosi ikishapita, deni lisiloandikwa ni hadithi. Mkaguzi wa CAG akija, usimfiche. Yeye peke yake analipwa kwa kuyasoma madeni. Mashine nayo iombewe kwenye mpango kabambe, mwaka huu na mwaka ujao na mwaka wa tatu, kwa barua ile ile, mpaka wachoke kuikataa. Nimewahi kuona jokofu likija kwa njia hiyo.

Na ukiwa mfanyabiashara, msaidie mama anayeumwa, hilo halina mjadala, lakini bidhaa isitoke dukani kwa simu. Subiri agizo litoke kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa Serikali, litoe nakala, lipige picha. Wakikuita mzee wetu, waambie duka ni la mtoto.

Mwaka jana nilikwenda kwenye kituo kile cha magodoro kumwona mpwa wangu aliyejifungua mtoto wa kike. Alikuwa amelala kwenye godoro namba 7. Namba nilizipiga mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito siku ile ya kupakia. Limebonyea kidogo upande wa miguuni. Delivari bado ninayo.